Siku Nilipomwita Marehemu Kilonzo Aje Achukue Zawadi

Nimeona aibu nyingi katika maisha yangu, lakini hii ndiyo peke yake niliyojitengenezea mwenyewe kwa kidole kimoja, mbele ya spika mbili na shuka nyeupe ya projekta. Hata leo nikipita hapa sokoni kuna watu huniuliza, "Mzee Nzioka, leo umemfufua nani?" nami hucheka nao, maana nisipocheka watarudia kwa sauti kubwa zaidi. Basi na nyinyi chekeni, lakini kwanza nisikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu kila mtu anaisimulia anavyotaka na wengine husema nilizirai (sikuzirai, nilikaa chini ghafla tu).

Mimi ni katibu wa ushirika wetu wa wachongaji, huku Machakos, upande wa Ekalakala. Nilianza kwa kuchonga kama wengine, ila vifaru vyangu wanunuzi walivinunua wakidhani ni nguruwe, nikaona afadhali nishike kalamu, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Kwetu kila mchongaji ana nambari yake, na akimaliza kinyago huiandika pale chini, jina haliandikwi, ili mnunuzi apende kazi bila kujua ni ya nani. Mchongaji akifariki nambari hubaki nyumbani kwake, na miaka yote imekuwa ikichukuliwa na mtoto wa kiume.

Kilonzo Maweu alikuwa nambari themanini na nne. Alipofariki hakuacha mtoto wa kiume mchongaji, aliacha Mbithe, binti yake, ambaye tangu utotoni alikuwa anakaa miguuni pa babake. Sasa kwetu wanawake hupiga msasa na kupaka rangi ya viatu mpaka kinyago king'ae, tezo, lile shoka dogo la kuchongea, ni ya wanaume, hiyo haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua. Mbithe akaja kwenye mkutano akasema anataka nambari ya babake, na si ya kupigia msasa, ya kuchongea. Tulibishana mpaka chai ikaisha. Mwishowe alipewa, nami ndiye niliyeingiza jina lake kwenye kompyuta, nikafuta la babake, na nakumbuka nilijisikia mtu wa kisasa sana siku hiyo.

Lakini maneno hayakuisha. Kulikuwa na Mutua, mchongaji hodari wa simba, mtu mwenye mdomo. Kila Mbithe akileta kazi nzuri, Mutua alikuwa anasema, "Hiyo ni ya mzee. Aliacha stoo imejaa, msichana anatoa moja moja kama mayai." Watu wakaanza kuamini. Kinyago chake kikisifiwa, mtu anainua nyusi. Siku moja ofisini kelele ilizidi, nami ili ninyamazishe watu nikasema, "Ngojeni siku ya maonyesho. Mshindi atajulikana kwa kompyuta, na kompyuta haidanganyi." (Kompyuta ingejuaje nani alishika tezo? Lakini watu walinyamaza, na mimi nikapenda vile walivyonyamaza, nikawa nayarudia maneno hayo kila mahali, hata kanisani.)

Na wala mimi sikuhitaji kompyuta. Nilikuwa nimepita kwa Mbithe wiki chache kabla, nikamkuta kwenye kibanda chake kando ya barabara anachonga kanga anayeatamia, aliyegeuza kichwa kuangalia nyuma kana kwamba amesikia mtu. Nilikaa hapo, mamake akaniletea chai, na kila Mbithe akipiga tezo shingoni mwa yule ndege vumbi la mbao lilikuwa linaingia kwenye kikombe changu. Nilikunywa nalo. Kwa hiyo nilijua. Hilo mliweke akilini, maana ndilo linalouma.

Haya, sasa kosa lenyewe. Kwenye kompyuta ya ofisi kuna kitu kinaitwa seva, na kwa asiyejua, ni kama mpishi wa hoteli, humwoni lakini ukiitisha jina la mwanachama yeye ndiye anakuletea kutoka jikoni. Aliyetuwekea ni Ndanu, binti ya dada yangu, anayeishi Mlolongo na kutunza kompyuta za kiwanda kimoja cha nguo huko EPZ Athi River. Siku mbili kabla ya maonyesho, ninaingiza vinyago vya mashindano, kompyuta ikakataa. Ikasema diski imejaa.

Nikampigia Ndanu. Alikuwa kazini, mashine zinanguruma nyuma yake. "Anko, usiguse kitu. Nakuja kesho jioni. Hiyo ni zile video zako za kwaya, zimekula nafasi yote. Tutazitoa."

Tutazitoa! Hapo ndipo nilipopotea. Ni kweli, kompyuta ya ushirika ilikuwa imejaa kwaya, nilikuwa nimekusanya za miaka mingi, na katika nyingi marehemu mke wangu yuko mstari wa mbele, kitambaa cha buluu, anaimba huku akinitazama mimi niliyeshika kamera vibaya. Nilikuwa nikimaliza kazi ofisini nafungua moja, nasikiliza, naenda nyumbani. Sikutaka mtu azitoe, na sikutaka hata kuzihamisha mwenyewe, isije ikapotea moja njiani. Nikatafuta kitu kingine kikubwa cha kuhamisha. Nikakuta folda imeandikwa "data", nzito kweli. Nikaona hiyo itavumilia safari. Vitu vyangu niliogopa kuvigusa, vya watu nikavibeba.

Nikaizima seva vile Ndanu alinifundisha, nikaikata ile folda nikaiweka kwenye diski ya kubebeka, nikaiwasha tena. Ikakataa kuwaka. Mpishi amefika kazini akakuta jiko halipo! Sasa mimi si mjinga kabisa, nilikumbuka kuna faili ya maagizo ambayo seva huisoma asubuhi ikiamka, ndani yake imeandikwa vitu vyake vimewekwa wapi. Nikaitafuta. Zikatokea mbili, jina moja, kila moja katika folda yake. Nikafungua ya kwanza, nikaona inaelekeza kwenye folda nyingine ya "data" ambayo ilikuwepo, imetulia mahali pake. Nikasema, kumbe jiko lipo, nilikuwa nahangaika bure. Nikaiamsha seva kwa kutumia faili hiyo, taa ya kijani ikatokea, nami nikapiga makofi peke yangu ofisini.

Nilichokuwa nimeamsha ni seva ya zamani. Ndanu alipotuwekea mpya aliiacha ile ya kale imelala kando, kwa tahadhari, na majina yake ya kale humo humo, kabla hata ya ule mkutano wa chai. Ningejuaje? Ningejua kama ningejaribu nambari ya mwanachama mpya. Lakini unajua nilijaribu ya nani? Yangu. Nikaandika nambari yangu, likatokea jina langu, Nzioka, zuri, limenyooka, nikaridhika kwamba wanachama wote wako salama. Kisha nikaingiza vinyago vyote vya mashindano huku nikiangalia vidole (kidole), sio kioo. Ndanu akapiga simu. "Usije, mama," nikamwambia. "Nimetengeneza."

"Umetengeneza vipi, Anko?"

"Nimetengeneza tu."

"Sawa," akasema, ile sawa ya mtu ambaye hajaona usawa wowote.

Siku ya maonyesho uwanja ulijaa. Tulifunga shuka ukutani, projekta ikaangaza, na Musyoka, DJ wetu wa sherehe zote, akaweka spika zake mbili. Asubuhi alikuja akaniomba nyimbo za kwaya za kufungulia sherehe, nami kwa ukarimu nikamnakilia chache kwenye ile diski ya kubebeka, nikampa. Ndiyo, ile ile. Kwa hiyo kuanzia asubuhi hadi mchana majina ya wanachama wote yalikuwa yamechomekwa kwenye mashine ya muziki.

Mgeni wetu alikuwa mama mmoja mwenye duka la vinyago Mombasa. Akazunguka meza, akashika hiki, akaweka, akashika kile, halafu akafika kwa kanga na hakuondoka tena. Akamwinua, akampapasa shingo, akasema, "Huyu amesikia kitu." Akampindua na kusoma nambari kwenye maiki: "Themanini na nne."

Zawadi ilikuwa sanduku la patasi mpya, za chuma kizuri, na kila mchongaji alikuwa amezitolea macho tangu asubuhi. Nikamwona Mbithe amesimama nyuma kidogo na mamake, ameshika mikono yake miwili pamoja kama anaizuia isiruke. Mutua alikuwa mbele, amekunja mikono kifuani. Nikainama kwenye kompyuta, nikaandika nane, nne, nikabonyeza, na kwenye shuka likatokea kwa herufi kubwa: KILONZO MAWEU.

Nami nikasoma.

Mnanisikia? Nilisoma. Maisha yangu yote ya ukatibu nimesoma kilichoandikwa, na mdomo ulienda kabla ya kichwa, nikasema kwenye maiki, kwa ile sauti yangu ya mikutano, "Mshindi ni Kilonzo Maweu. Kilonzo, tafadhali njoo mbele uchukue zawadi yako."

Mtu mmoja akapiga makofi mawili akaacha. Halafu nikasikia sauti ya mamake Mbithe, haikuwa ya kupiga kelele, ilikuwa ya kuuliza tu, kama mtu ameitwa mlangoni. "Nani huyo anamwita mume wangu?"

Mutua akageukia watu, mikono hewani. "Si nilisema? Si nilisema nyinyi? Kazi ya mzee! Hata kompyuta inajua!" Watu wakaanza kunong'ona, na mmoja akaniuliza kwa sauti, "Katibu, si ulisema kompyuta haidanganyi?"

Na mimi, maiki ikiwa mdomoni, kwa mazoea ya wiki nzima, nikajibu, "Haidanganyi."

Ningeyarudisha maneno hayo ningekuwa na uwezo. Mbithe aliniangalia. Hakuwa na hasira, alikuwa anangoja, alinipa muda, kwa sababu alijua kwamba nilikaa kibandani kwake na vumbi kwenye chai. Ilikuwa ni kusema tu, "Jamani, hii imekosea, mimi mwenyewe nilimwona." Maneno machache. Badala yake niliangalia kioo, nikabonyeza tena nane, nne, likatokea tena KILONZO MAWEU, nami nikaketi ghafla (hapo ndipo wanaposema nilizirai).

Nikampigia Ndanu. Macho yangu hayaoni vizuri kwa hiyo simu huwa naweka spika, nikailaza mezani, na maiki nayo nilikuwa nimeilaza mezani, haijazimwa. Kwa hiyo yaliyofuata hayakuwa ya siri.

"Anko, niambie pole pole. Ulifanya nini?" uwanja mzima ukamsikia.

"Nilihamisha folda kidogo."

"Folda gani?"

"Ile ya data."

"Woi! Anko! Hiyo ndiyo seva yenyewe! Sasa ni kama umemhamisha mtu usiku ukaacha kitanda chake!" Watu wakaanza kucheka. Sikujua wanacheka nini. "Usikisie tena. Iulize yenyewe inakaa wapi. Andika vile nakuambia." Akanisomea, nikaandika, kidole kwa kidole, na jibu likatokea kwenye shuka kwa wote kuona. "Soma njia yote, Anko."

Nikasoma.

"Hiyo ni nyumba ya zamani! Umeamsha ile ya kale! Majina hapo ni ya kabla Mbithe apewe nambari!" Hapo kelele zilipungua, na nikafikiri, afadhali, Mungu ni mwema. "Sasa ile data ya ukweli iko wapi?"

"Kwa diski."

"Diski iko wapi?"

Nikageuza kichwa. Kwaya ilikuwa inaimba taratibu kwenye spika. "Inaimba," nikasema.

Musyoka aliichomoa diski kwa haraka mpaka wimbo ukakatika katikati ya haleluya. Lakini folda ikirudi, mnakumbuka, diski ya kompyuta ingejaa tena na seva ingekataa, na Ndanu akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele, "Anko, ni lazima uhamishe video za shangazi. Hazitapotea. Mimi nakuambia." Kwa hiyo nikazihamisha mwenyewe, mbele ya ushirika wote, moja baada ya nyingine, jina la kila kwaya likipita kwenye shuka, na mama mmoja akasema, "Kumbe katibu ndiyo anafanyanga hii ofisini," na mwingine akamwambia anyamaze, hiyo ni bibi yake. Ikachukua muda mrefu. Jua likawaka. Mgeni akapewa soda ya pili, akaangalia saa, akaaga. Folda ikarudi mahali pake, Ndanu akanielekeza kwenye ile faili ya pili ya maagizo, ya kweli, nikazima ya kale, nikawasha mpya, nikaandika nane, nne.

MBITHE KILONZO.

Nilisimama kwa furaha nikamtafuta kwa macho. Hakuwepo. Mamake hakuwepo. Hata kanga hakuwepo mezani. Na Mutua, ambaye sasa hakuwa anacheka, aliniuliza: "Katibu, imesema mara mbili. Tuamini gani, ya kwanza ama ya pili?" Watu wakachukua viti vyao wakaenda. Maana ni hivyo, seva niliitengeneza, lakini maneno yaliyokwisha tamkwa hayana folda ya kurudishia. Likabaki sanduku la patasi, na mimi.

Sikulala vizuri siku hizo. Siku ya soko nikabeba lile sanduku, nikavaa koti langu la kanisani, nikaenda kwa Mbithe. Kibanda chake kiko pale barabarani kabisa, wachongaji wote hupitia hapo wakienda ofisini. Nilimkuta anachonga, hakuinuka. Nikamsalimia, akaitikia vizuri, maana amelelewa. Nikaweka sanduku. Nikaanza hotuba niliyoitayarisha, kuhusu faili mbili za jina moja na seva ya kale na ya mpya, na yeye akaniacha niongee mpaka nikachoka.

"Mzee," akasema, "ulikuwa unajua ni mimi?"

"Nilikuwa najua."

"Kabla ya kompyuta?"

"Kabla ya kompyuta. Nilikuona kwa macho yangu."

"Na mbona ukasoma?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, kwamba ilikuwa imeandikwa. Na nikamwambia pole, kwa Kikamba, kwa sababu kwa Kiswahili ilikuwa inatoka kama taarifa ya kikao. Alipiga tezo mara kadhaa. Halafu akachukua kipande cha msasa, akanipa, pamoja na twiga mdogo ambaye bado alikuwa na mikwaruzo.

Nikavua koti. Nikakaa kwenye kigoda, pale mbele, barabarani, nikaanza kupiga msasa. Mimi, katibu, mwanamume mzee, kazi ya wanawake. Wa kwanza kupita alisimama kabisa. "Mzee Nzioka! Unafanya nini hapo?"

"Nampigia mchongaji msasa," nikasema.

"Mchongaji gani?"

"Huyu. Mbithe. Yule kanga ni wake, nilimwona akimchonga, na siku ile nilinyamaza kama mjinga. Nenda uwaambie."

Niliyasema hayo siku nzima, kwa kila aliyepita. Mutua naye alipita. Alisimama, akaangalia mikono ya Mbithe ikienda, akaangalia ya kwangu (vidole vilikuwa vinatoka damu kidogo, msasa si mchezo), akangoja mpaka sikio la twiga wa pili likatokea kwenye mti. Hakusema pole, yule si mtu wa pole. Alisema tu, "Hiyo tezo yake inataka kunolewa," akaichukua, akainoa kwenye jiwe lake, akairudisha, akaenda. Tangu hapo sijamsikia tena na habari za stoo.

Mamake alileta chai. Niliinywa na vumbi lake.

Jioni nikamaliza twiga wangu, nikampaka rangi, akang'aa mpaka nikajivunia. Nikampindua, nikatoa kalamu mfukoni. "Niandike nambari?" nikauliza, kwa kutaka kuwa na manufaa.

Mbithe alikuwa anafungua sanduku la patasi, taratibu, moja moja, anazijaribu kwa kidole gumba.

"Leo andika jina, mzee," akasema. "Unalijua."

Siku hizi Ndanu hunikuta kila anapokuja nimeacha seva bila kuigusa, na video zangu ziko nyumbani kwangu, kwenye diski ya peke yake, ambayo hata DJ hapati. Nimeapa kutohamisha kitu cha watu ili changu kikae. Na maiki ikiwa mkononi mwangu, lolote litakaloandikwa kwenye shuka, kwanza nainua macho nawatafuta watu.